Kisamvu cha mama na kibali cha kiwanda cha korosho, Zegereni

Wakuu, heshima kwenu. Hii siyo chai. Niliyaona kwa macho yangu, tena yakichuruzika machozi kwa moshi.

Ni enzi za ujamaa. Nimemaliza fom foo, naishi kwa mama Zegereni, Kibaha. Kazi yangu kubwa ilikuwa kukaa barazani. Wenzangu walinitania kwamba hata kwenda Tumbi, hapo hapo Kibaha, ningeomba pasipoti.

Jirani palikuwa na kiwanda kidogo cha korosho. Kila alasiri walichoma maganda shimoni. Moshi wa maganda ya korosho, wakuu, usikieni tu! Unawasha macho, unakaba koo.

Na mama alikuwa na pumu.

Kibali chao cha kuchoma kilikaribia kwisha. Bwana afya wa wilaya ndiye aliyetakiwa kukagua kabla hakijaongezwa.

Mama akaniambia, "Wakiongezewa hivi hivi, nahamia kwa dada yangu Maneromango. Wewe utajipikia."

Nikawa mwanamazingira papo hapo.

Bwana afya akaja asubuhi. Shimo limemwagiwa maji, limefagiwa, hewa utadhani tuko Lushoto. Meneja anatabasamu. Majirani kimya, maana ndugu zao wanabangua korosho humo. Mimi je? Niko barazani.

Mgeni akaagana nao, akawasha pikipiki. Alipofika kwetu akasimama kuomba maji ya kunywa.

"Maji nitakupa, baba," mama akasema, "lakini mgeni hatoki kwangu na njaa. Pikipiki ingiza uani, isipigwe jua."

Sasa, wali ulikuwa umeshaiva. Mama akaenda kuchuma kisamvu! Achume, atwange, achemshe, akune nazi...

Nikaanza, "Mama, mbona wali..."

Akanikata jicho. Nikabaki kumpigisha mgeni soga, fani pekee niliyobobea.

Chakula kinatua mkekani alasiri, kule kiwandani wanajua mkaguzi kaenda zake. Wakawasha moto. Moshi ukatufuata barazani. Bwana afya tonge mkononi, anakohoa, machozi yanamtoka.

"Mama, ni nini hiki?"

"Ndicho ulichokuja kukagua asubuhi, baba. Ongeza mchuzi."

Kibali hakikufutwa. Kiliongezwa kwa masharti: shimo lifukiwe, maganda yakachomwe porini, mbali na nyumba za watu. Kazi za watu zikabaki, mama akapumua. Maneromango akawa anaenda kusalimia tu, anarudi.

Siku moja meneja akapita. "Shikamoo mama. Nasikia kisamvu chako kitamu."

"Marahaba, mwanangu. Ila kinachelewa kuiva."

Nilichojifunza: kibali huandikwa ofisini, lakini hewa yake anaivuta jirani. Mkaguzi asiishie getini, akae kwa jirani mpaka kazi ianze. Na sisi tusiopenda kutoka nyumbani tuna faida zetu, msitudharau.

Haya, mnaokaa karibu na viwanda, fungukeni hapa chini: mkaguzi akija kwenu, mnampikia nini?