Mkebe Usiovuja Ulivyoniogesha Maziwa

Jamani, leo nimeoga maziwa sokoni Garsen!

Mimi ndiye msimamizi wa mkebe mpya wa maziwa wa kampuni yetu: kazi yangu ni kujua ubora na ubaya wake, kisha kuuuza. Siku tatu nimeusifu kwa wauza maziwa, hakuna aliyeugusa.

Basi leo nikaujaza maziwa, nikaupindua juu ya kichwa changu. "Tazameni, hauvuji!"

Kifuniko kikafyatuka. Maziwa mpaka viatuni.

Mama Hawo, muuza maziwa wa Kiorma, akaniuliza, "Mwanangu, uliujaribu kabla?"

Nikataka kudanganya, nikashindwa. "La, mama. Nilimwamini tajiri wangu, naye hajawahi kubeba maziwa."

Wauza maziwa wote wakacheka mpaka wakakaa chini.

Kisha Mama Hawo akasema, "Sasa umesema kweli. Niachie mkebe mmoja niutumie. Ukirudi, nitakuambia ubaya wake wote."

Semeni nyinyi, msimamizi hapa ni nani?