Marudio ya Jumatano

Baba alipofariki, watani zetu Wahehe walifanya kazi yao barabara. Mmoja alivaa koti la marehemu na miwani yake, akazunguka msibani kwa mwendo wake wa kiualimu, kifua mbele, akiuliza nani hajamaliza zoezi. Waombolezaji tulivunjika mbavu. Mama peke yake hakutabasamu, na tangu siku ile hapa Msamala hatukusikia tena kicheko chake. Mama huyuhuyu ambaye zamani akicheka, jirani anakuja kuuliza kuna nini.

Iliniuma sana. Nikajisemea, dawa ninayo. Mama alikuwa mgonjwa wa mchekeshaji mmoja wa redioni, yule mzee wa sauti ya kukwaruza aliyegombana na mkewe kila wiki. Enzi hizo betri tulizianika juani kwa ajili yake tu. Taarifa ya habari ilijitegemea. Fundi simu mmoja wa mjini alikuwa na vipindi vyake vya zamani, akaniwekea kwenye flashi. Nikanunua na redio ya kuichomeka.

Nikafika nyumbani, shikamoo mama, nikawasha. Mzee akakwaruza vilevile. Mimi nacheka hadi machozi. Mama anachambua mboga kama anasomewa bei ya mahindi. Nilivunjika moyo, nikamuuliza kama siku hizi mzee yule hamfurahishi.

"Anachelewa," akasema. "Baba yako alikuwa hamsubiri."

Hapo nikakumbuka. Jumapili mama alikuwa kwaya, baba akisikiliza kipindi peke yake. Jumatano kikirudiwa tulikaa wote, na kila mzee akivuta pumzi amalizie kichekesho, baba keshakimaliza. Mama aligomba huku anacheka mpaka sauti inamkauka, naye baba hakomi. Miaka yote ile mimi nilidhani mama anachekeshwa na redio.

Nikarudisha kipindi mwanzo. Safari hii nilikijua. Mke akamuuliza mzee, nyama ya mgeni imekwenda wapi? Kabla mzee hajafungua mdomo nikamjibia, kwa sauti ya baba:

"Imetoka kumpokea!"

Ndala ikanipata sikioni.

"Mshenzi wewe, kumbe umerithi na ubaya wake," mama akasema, huku anacheka, anacheka, mara analia, mara anavua ndala ya pili. "Haya, endelea."