Vitambaa vya Leso Mkononi mwa Dada

Juzi nilienda hospitalini Meru kumwona mpwa wangu. Bodaboda ilimwangusha, mifupa ya mkono ikasagika na kutokeza nje ya ngozi. Madaktari walichukua kipande cha mfupa mguuni mwake, na mishipa yake ya damu, wakakipandikiza kati ya kiwiko na kiganja.

"Anko, cheki," aliniambia, akichezesha kidole gumba. "Kinasonga!"

Mama yake, ambaye ni dada yangu, alikuwa akimmenyea ndizi kwa mkono mmoja na meno. Ndio mkono pekee alio nao.

Hapo, rafiki yangu, nikarudi kijijini kwetu Muthara, enzi za utoto, bila kuondoka kwenye kiti cha plastiki. Mvua, moshi wa kuni mbichi, githeri ya mahindi na maharagwe ikitokota tangu alfajiri. Kwetu ni mwiko msichana kupanda mti wa miraa. Dada alipanda, akaanguka, akavunjika mkono. Hospitalini wangeuliza ameanguka kutoka wapi, kwa hivyo nyanya akamwita mzee wa kuunga mifupa. Majirani tukawaambia ameteleza mtoni.

Mzee alimfunga kwa vipande vya mwanzi na vitambaa vya leso kuukuu, akaagiza vikazwe kila asubuhi. Kazi hiyo nikapewa mimi, bingwa wa kufunga mizigo ya kuni.

"Kaza! Una mikono ya uji?" nyanya alinihimiza. Dada akilia, nyanya alifurahi: "Huo ni mfupa unashikana."

Nilikaza kwa majivuno, goti juu ya mwanzi, mpaka vidole vikawa vyeusi kama maharagwe ya njahi na vikaacha kuuma. Tulimshukuru Mungu kwamba vimeacha kuuma. Tulipofika hospitalini, kilichobaki kilikuwa kuukata mkono.

Siku hizi nyanya hayupo, mzee hayupo, na miraa ile iling'olewa ikapandwa avokado. Mimi nilisoma hadi chuo kikuu, nikaandika insha nyingi kuhusu ujinga wa watu wengine.

Daktari alipopita, nilimweleza jinsi mkono wa dada ulivyofungwa na kukazwa, nikamuuliza kama ungeweza kuokolewa.

"Kama haungekazwa hivyo, pengine hata upasuaji haungehitajika," alisema. "Nani alikuwa anaukaza?"

"Mzee wa mifupa," nilijibu haraka.

Hakuna mwingine aliyebaki wa kunisuta ila dada. Alisikia. Alimvutia mwanawe blanketi, akaendelea kumenya ndizi kwa meno.