Mkamuaji Anayetoka Darasani Kabla ya Kengele

Saa nane na nusu mchana, mwalimu bado anaandika hesabu ubaoni, Kiprugut anafunga daftari. Ana maili mbili za kutembea hadi shamba la maziwa la mlowezi huku Subukia, ambako ng'ombe kumi wanamngoja. Mlangoni anageuka kumtazama Kipketer, mwenzake wa darasani na wa kazini. Kipketer hajainuka.

"Namwonea wivu, sifichi," anasema Kiprugut, mwenye miaka kumi na tisa, akijipaka mafuta viganjani zizini. "Yeye anabaki na mwalimu, mimi nabaki na mikia."

Nyapara Makokha anapita na ndoo. "Profesa amefika. Ng'ombe walikuwa wanauliza."

"Waambie leo zilikuwa hesabu ngumu, mzee."

Hapa siku haiandikwi kwenye tikiti ya kazi mpaka mtu akamue mara mbili, alfajiri na saa tisa. Akikosa mara moja, siku yote imepotea. Tikiti ikijaa siku thelathini ndipo Kiprugut hupata shilingi thelathini na tano, na ada ya shule hutoka humo.

Mwezi uliopita alibaki darasani siku nne kwa ajili ya mtihani wa darasa la nane. Makokha akamwonya: akirudia, atafute shamba lingine.

Kipketer hukamua alfajiri tu, na siku yake huandikwa nzima. Baba yake ndiye dereva wa lori la maziwa, na Makokha alimruhusu kwa mdomo, bila karatasi.

Kisha Kipketer akapewa Samo, ng'ombe aliyezoea mkono wa Kiprugut. Samo hatoi maziwa mpaka alambishwe magadi kiganjani na kuitwa jina taratibu. Kiprugut alilijua hilo, akanyamaza siku tatu. Kipketer alikuwa akitoka na nusu ndoo.

"Nilitaka aondolewe, nafasi iwe yangu," anasema, macho chini.

Siku ya tatu alimsikia Makokha akisema kwamba ruhusa hiyo ataifuta, na hakuna mwanafunzi atakayeipata tena. Alfajiri iliyofuata alimpelekea Kipketer magadi, akamweleza yote.

"Siku tatu, Kiprugut?" Kipketer alimuuliza.

"Tatu. Ningeweza hata kumi."

Kipketer alicheka, ingawa si sana. "Mimi ningesema siku ya pili."

"Wewe una nafasi ya kuwa mwema."

Tangu hapo wamekubaliana jambo moja. Jumamosi watamwona mwenye shamba wamwombe kwamba mwanafunzi akikamua mara moja aandikiwe nusu siku, nusu mbili zihesabiwe siku moja, na tikiti yake ipewe muda mrefu zaidi wa kujaa. Wanataka iwe kwa maandishi, nyapara asiweze kuibatilisha akiamka vibaya. Kipketer atapoteza nusu ya anachopata sasa, na amekubali.

Barua ya ombi hilo ataiandika Kipketer, kwa kuwa mwandiko wake ni mzuri zaidi.

"Hata mwandiko huo namwonea wivu," anasema Kiprugut, akivuta kigoda hadi kwa ng'ombe wa mwisho. "Aandike yeye. Lakini jina la kwanza litakuwa langu."