Ubavu Niliouvunja kwa Mdomo

Nimekosa, ndugu zangu. Tena sikukosa kwa bahati mbaya. Nilikosa kwa mipango, nikiwa na akili zangu timamu, na wakati nakosa nilikuwa najipongeza.

Jina langu naomba mniachie. Nikilitaja tu, wanywa kahawa wote wa Isevya watajua ni nani, na sitaki wajue, kwa sababu mpaka leo nikifika pale benchini vijana huinuka kunipisha. "Mpisheni kaka, huyu ndiye aliyepigana ubavu umevunjika!" Basi mimi hukaa taratibu, mkono ubavuni, nimekunja uso kidogo. Jamani, hata kukaa kwangu siku hizi ni maigizo!

Ubavu wenyewe siku hiyo haukuwa umevunjika. Haukuwa hata na mchubuko. Niliuvunja kwa mdomo, na kuna mtu asiye na hatia anaulipia mpaka leo.

Mimi ni fundi baiskeli, na pia ni bondia. Mwandaaji mmoja wa ngumi alitangaza pambano hapa Tabora mjini kati yangu na bondia wa Kaliua, ambaye nitamwita Maganga ingawa silo jina lake. Mshindi angepelekwa Dar es Salaam, akapigane kwenye ulingo wenye taa na kamera. Kwa bondia wa huku kwetu nafasi ya namna hiyo haibishi hodi ovyo.

Nikapanda treni mpaka Kaliua kumchungulia. Nilimkuta uwanjani anapigana na kijana mpakia tumbaku, mtu mwenye shingo nene kuliko paja langu. Maganga hakutamba wala hakukodoa macho. Alimzunguka tu, akampiga konde moja la kushoto, yule pande la mtu akakaa chini. Kisha Maganga akamwinua na kumuuliza kama leo amekunywa maji ya kutosha.

Niliogopa! Nilimwogopa vibaya mno, njia nzima ya kurudi. Lakini bondia atamwambia nani kwamba anaogopa? Nikaitafutia hofu yangu jina zuri. Nikaiita saikolojia.

Nilikuwa nimeangalia video nyingi kwenye simu, za mabondia wakubwa wanaoeleza jinsi ya kumshinda mtu kabla hujamgusa. Nikajiona profesa. Mpango wangu ulikuwa huu: nitangaze kwamba ubavu wangu wa kushoto umevunjika mazoezini. Maganga akisikia atatamani kuumalizia. Siku ya pambano atashusha mkono wake wa kulia aupige, na akiushusha tu, taya lake litabaki wazi. Hapo konde langu la kushoto litakuwa linamsubiri.

Kocha wangu, mzee wa maneno machache, alinisikiliza mpaka mwisho.

"Na huyo Maganga asipotaka kuupiga?" akauliza.

Nikacheka. "Kocha, yule ni bondia, si padri wa Kipalapala!"

"Haya. Lakini mkono wako wa kulia ubane mwilini, usije ukausahau."

Sikumsikiliza. Profesa atafundishwaje na mzee ambaye simu yake haina hata video?

Kesho yake nikaenda kwenye kahawa, nikakaa kwa shida, nikawaambia wawili watatu kuhusu ubavu wangu, na nikawasihi wasimwambie mtu. Kikombe hakijaisha, dada mmoja wa saluni ya ng'ambo ya barabara akanipa pole.

Kumbe nilikuwa nimesahau nilipozaliwa. Hapa kwetu ukitangaza unaumwa, watu wanakuja! Walikuja majirani na uji. Wakaja jamaa wa msikitini, wakanisomea dua mpaka nikaona aibu kuitikia amina. Mama yangu sikuweza kumwambia ukweli, maana hajui kudanganya, angeulizwa kidogo tu angecheka. Basi akalia, akaniita "mwanangu, mwanangu", akaenda kumtafuta bibi anayeunga mifupa, anayekaa njia ya Kipalapala.

Bibi alikuja, akanipapasa, akafumba macho. "Umevunjika," akasema. "Tena vibaya."

Niapie nini mniamini? Aliukuta mvunjiko ambao mimi mwenyewe sikuwa nao! Akanifunga vitambaa kuanzia kwapani mpaka kiunoni, akanikataza kuinua chochote kizito kuliko kijiko. Mama akawa mlinzi wa sharti hilo. Nikajaribu kuruka kamba uani, jirani akachungulia, ikabidi nijidondoshe na kugumia. Mwenzangu huko Kaliua anakimbia kila alfajiri, mimi nimelala mkekani nalishwa uji wa ulezi. Nikanenepa.

Asubuhi moja nikasikia hodi ya sauti nisiyoijua.

"Karibu, baba," mama akaitikia.

"Mwangaluka, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Unatokea wapi?"

"Kaliua, mama. Mimi ndiye nitakayepigana na mwanao. Nimesikia anaumwa. Nikaona si vizuri nimsubiri ulingoni bila kuja kumjulia hali."

Nilikuwa nimejilaza chali natafuna karanga. Nilizimeza nzimanzima!

Maganga akaingia ameshika jogoo mkono mmoja na ndoo ya asali mkono wa pili. Akavua viatu, akakaa ukingoni mwa mkeka kama mtu aliyekuja msibani.

"Pole, kaka. Ni upande upi?"

Moyo ukaruka kwa furaha. Mtego umemwita mwenyewe! Nikamwonyesha kwa ufasaha wa mwalimu wa darasa la kwanza. "Huu wa kushoto. Hapa hapa. Ukiguswa tu, roho inataka kutoka."

Akautazama ubavu wangu kwa muda. Mimi nikadhani anaupigia hesabu.

"Basi tuahirishe," akasema. "Mwandaaji nitaongea naye mimi. Sitaki kushinda hivyo."

Mungu alinifungulia mlango mkubwa, nikaufunga kwa teke. "Haiwezekani! Mwanamume haahirishi."

"Kaka, afya kwanza. Ngumi zipo tu."

"Nimesema tutapigana!"

Akainamisha kichwa. Alipoaga, mama akatoka kumsindikiza, kama ilivyo desturi. Akakawia sana kurudi. Mimi nikafungua ndoo, nikaanza na asali, huku namcheka mgeni wangu kimoyomoyo.

Siku ya pambano ukumbi ulijaa. Nilipopanda ulingoni na vitambaa vya bibi, wanawake wengine walifunika macho. Kengele ikalia. Nikashusha kiwiko cha kushoto kidogo, nikamwachia ubavu wote wazi, nikasubiri.

Hakuupiga.

Nikaushusha zaidi, nikagumia kwa sauti. Hakuupiga! Kila mkono wake wa kulia ulipokaribia upande ule, aliurudisha. Alikuwa anauzunguka ubavu wangu kama mtu anayepita pembeni ya mtoto aliyelala. Raundi zikaenda. Mimi jicho langu lote liko kwenye mkono wake wa kulia. Mwishowe nikakasirika, nikamnong'oneza tulipokumbatiana, "Si upige!" Akanijibu, "Hapana, kaka," na jasho linamtiririka.

Kisha likaja lile la kushoto. Likanikuta upande wa kulia, pale lilipo ini, chini ya ule mkono niliokatazwa kuusahau. Asiyewahi kupigwa ini hawezi kuelewa. Magoti yalikwenda yenyewe. Pumzi ikagoma. Nikawa chini nimeshika upande wa kulia, refa anahesabu.

Na sasa sikilizeni ujinga wa binadamu. Hata pale sakafuni, sina pumzi, sina mbele wala nyuma, nikakumbuka kwamba ubavu wangu mbovu ni wa kushoto. Nikauhamisha mkono! Nikautoa kunakouma, nikaupeleka kunakotakiwa kuuma.

Ukumbi mzima ukalia. Maganga akapiga magoti pembeni yangu. "Nisamehe, kaka, sikuugusa, wallahi sikuugusa." Aliponiinua na kunyoosha mkono wangu juu, mimi niliyepigwa nikashangiliwa kuliko mshindi.

Nyumbani mama ananikanda, uso wake unang'aa. "Unajua ni mimi niliyekuokoa?" akasema. "Siku ile namsindikiza nilimshika mkono njiani. Nikamwambia, mwanangu Maganga, mpige kokote lakini huo ubavu niachie. Akaniahidi. Ona, mtoto wa watu, ahadi kaitimiza!"

Nikamwambia asante. Mngekuwa nyie mngesema nini?

Hapo ningeweza kuishia, na ingekuwa hadithi ya kuchekesha tu. Lakini Maganga akaikataa safari ya Dar. Akamwambia mwandaaji kwamba amempiga mgonjwa, na haendi popote kwa ushindi wa namna hiyo, nipone kwanza turudiane. Mwandaaji hakuwa na nafasi ya kungojea mifupa. Akanipigia mimi.

"Wewe umepona?"

"Nimepona kabisa," nikasema.

Ndiyo. Nililichukua jasho la mwenzangu hivihivi, na bibi wa mifupa akapata wateja mpaka wa Urambo.

Dar es Salaam nilikuta sifa za ubavu wangu zimetangulia. Mpinzani wangu kule hakuwa na habari za mama wala za kusindikizana. Kengele imelia tu, huyo, kashusha mkono wa kulia moja kwa moja kwenye ubavu wa kushoto. Mtego wangu ulinasa! Taya lake hilo hapo, wazi, kama nilivyopanga. Nikamtandika kwa nguvu zangu zote. Taya halikutikisika. Akanitazama kama mtu aliyeguswa begani kwenye foleni, akarudia palepale ubavuni, na safari hii nikausikia mfupa wangu ukilia.

Sasa nikawa nimevunjika kweli, na sikuwa na pole mpya ya kuomba.

Habari zilifika Kaliua kwamba ubavu uleule umevunjika tena. Maganga akaja na treni, akakaa na mama uani, akalia kama mtoto. Alisema kosa ni lake. Alisema siku ile angekataa kabisa kupigana, ubavu ungepata muda wa kuunga. Mimi nipo ndani, mlango uko wazi, nasikia kila neno. Kitu cha kusema kilikuwa kifupi sana. Sikukisema.

Maganga akaacha ngumi. Bondia bora niliyewahi kumwona kwa macho yangu, leo anahangaika na tumbaku na mizinga ya nyuki, na kwao kuna wahuni wanaomwita mpiga wagonjwa. Mimi niliyesoma saikolojia kwenye simu nilitaka kumvunja moyo kwa raundi moja tu. Nimeuvunja moja kwa moja, tena bila kumgusa. Video zile zilisema kweli!

Ubavu wangu umeshapona siku nyingi. Lakini kila asali ikirinwa, mtu wa treni huniletea ndoo kutoka Kaliua. Ya safari hii ilifuatwa na ujumbe kwenye simu: "Kaka, ubavu unasemaje? Mwandaaji ananisumbua nirudi ulingoni, anataka tuanze kwa kurudiana mimi na wewe. Nimemwambia siwezi mpaka nisikie kwako umepona. Ukipona niambie, na mimi moyo wangu utulie."

Ndugu zangu mnaopigana, tambianeni. Tukaneni siku ya kupima uzito, kodoleaneni macho mpaka yatoke machozi, semeni mtamlaza mtu raundi ya kwanza. Hayo yote huisha kengele ikilia. Lakini nawaomba kwa Mungu, msijifanye wagonjwa mbele ya mtu mwenye huruma. Mtu wa hivyo hapigi pale ulipomtegea, na ukishamdanganya hutajua tena uanzie wapi kumwambia. Na mkiogopa, semeni mnaogopa! Ningemwambia kocha sentensi hiyo moja, leo ningekuwa bondia aliyepigwa tu, kama wengine, na mwenzangu angekuwa mbali sana.

Mtauliza, sasa si umwambie? Neno moja tu, nimepona, na mtu anarudi kwenye maisha yake.

Jana nilikaa na simu. Nikaandika, "Nimepona, kaka." Nikalisoma tena na tena. Halafu nikaukumbuka ule mkono wake wa kushoto, na ini langu lenyewe likajikunja. Nikafuta. Nikaandika, "Bado unauma kidogo, hasa asubuhi."

Akanijibu papo hapo: "Pole sana, kaka. Usiharakishe. Treni ijayo nakutumia asali nyingine."