Nilikwenda Ushirombo Kumwambia Mama Nataka Kusilimu

Niliondoka Nyarugusu kwa sababu ya maziko mawili.

Ya kwanza yalikuwa ya Rajabu wa Tabora, mwenzangu wa duara moja. Duara ndilo shimo letu la dhahabu, na mvua za masika zililegeza matimba, yale magogo yanayozuia kuta, kifusi kikamshukia. Hakuwa na ndugu hata mmoja pale machimboni. Kabla jua halijazama alikuwa ameshaoshwa, ameswaliwa, amefukiwa. Maduka ni matupu miaka hii. Nguo unapangia foleni ukarudi na jasho lako. Lakini sanda ya Rajabu ilipatikana. Huyu alitoa shuka, yule akatoa kanzu yake ya Idi, na Mzee Shomari, fundi cherehani aliyekuwa akiwaswalisha, akaviunga. Mimi nilichimba kaburi. Waislamu humlaza maiti wao katika kishimo cha ubavuni kiitwacho mwanandani, na mchimba dhahabu anajua kuukata ukuta wa udongo usiporomoke. Nilipomaliza nikasogea kando na sururu yangu, nikawatazama wakipanga safu.

Wa pili alikuwa Mkristo mwenzangu, mtu wa Kibondo. Sisi Wakristo wa kambi tulitazamana, kila mmoja akimngoja mwenzake aanze. Tulimzika kesho yake, mchana, amefungwa gunia la pamba. Hakuna aliyeikumbuka sala mpaka mwisho, hata mimi niliyesoma katekisimu miaka mitatu.

Tangu siku hiyo usingizi ulinipaa. Nilijiona mimi ndani ya gunia. Nikamwendea Mzee Shomari, nikamwambia nataka kusilimu. Nilidhani atafurahi. Akasimamisha cherehani, akaniuliza:

"Mama yako yu hai, Petro?"

"Yu hai, Ushirombo."

"Basi nenda ukamwambie kwanza. Sitaki nikusilimishe kama mtu anayetoroka."

Asubuhi ya Jumamosi nilishika njia ya Katoro kwa miguu. Mvua ilikuwa imeninyeshea nusu ya safari, na tope la huko halimwachi mtu; unavuta mguu, kiatu kinabaki. Katoro ni vibanda na harufu ya dagaa. Nilibahatika kupata lori la pamba linaloelekea Ushirombo, nikapanda juu ya marobota. Alikuwapo mama mmoja na kuku wake wawili, akanitazama kwa muda mrefu.

"Unakwenda msibani, baba?"

"Hapana, mama. Nakwenda nyumbani kusalimia."

"Mbona umeutanguliza uso wa msiba?"

Abiria wengine wakacheka. Mimi nilijifanya nimelala.

Karibu na Runzewe lori lilizama topeni. Tulisukuma, tukakata matawi, tukasukuma tena. Tulilala hapohapo juu ya pamba, na mpaka kunakucha nilikuwa nikiyapanga maneno ya kumwambia mama. Kila nilivyoyapanga yaligeuka kuwa ya mtu mwenye njaa.

Ushirombo tulifika Jumapili, watu wakitoka kanisani. Mama yangu alikuwa miongoni mwao, amejifunga kitambaa cheupe, amepungua kuliko nilivyomwacha. Nikampigia goti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekonda. Huko mnakula mawe?"

Alinipikia michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kwa karanga. Hakuniuliza nilichofuata, na hilo ndilo lililonitisha. Nilipomaliza kula nikasema yote kwa mkupuo: "Mama, nataka kuwa Mwislamu."

Aliendelea kumenya karanga.

"Umeoa huko?"

"Sijaoa."

"Wamekupa nini?"

"Hawajanipa kitu. Wanawazika watu wao tu." Nikamsimulia habari ya Rajabu, na ya mtu wa Kibondo.

"Mwaka huu?" akauliza. "Sanda waliipata wapi?"

Nikamweleza ya shuka na kanzu. Akatikisa kichwa kwa heshima, kama anavyofanya akisifu shamba la mtu. Kisha akainuka na kuniambia nimfuate.

Alinipeleka nyuma ya nyumba, kwenye mihogo, alipolala baba. Baba alikufa akiwa na mke wa pili, na katekista wa kigango chetu alikataa kumsalia. Tulimzika wenyewe, kimyakimya, kama watu walioiba. Tangu siku ile mama hajakosa kanisa hata Jumapili moja. Anaogopa na yeye asije akakataliwa.

"Baba yako yuko hapa," alisema. "Mimi nitalala kule makaburi ya kanisa. Wewe utalala Nyarugusu kwa Waislamu. Watu watatu wa nyumba moja." Hapo akaacha Kiswahili, akaniita ng'wanone, mwanangu, kama alivyoniita utotoni. "Ng'wanone, siku ya kufufuka nitaanza kumtafuta nani?"

Niliinama nikang'oa magugu pale alipolala baba.

Jumatatu, nilipokuwa nikifunga mzigo, alitoka chumbani na bafta nyeupe iliyokunjwa. Baba alimnunulia kabla maduka hayajakauka, naye akaitunza iwe sanda yake. Pembeni alikuwa ameshona msalaba mdogo kwa uzi mwekundu.

"Kama ni sanda unayoifuata kwao, chukua yangu," alisema. "Ila usimsingizie Mungu."

Niliikataa. Akaniwekea mkononi, akaingia ndani, akafunga mlango. Hakunipa radhi, wala hakuninyima.

Njia ya kurudi siikumbuki vizuri. Nakumbuka niliikumbatia ile bafta isilowe, na kwamba nililia mbele za watu bila haya. Alichoniambia mama kilikuwa kweli. Nilikuwa sijamtafuta Mungu. Nilikuwa natafuta wabebaji.

Nyarugusu nilikuta kundi limekaa nje ya kibanda cha Mzee Shomari. Kijana wa Singida, Mwislamu, mgeni asiyejulikana, alikuwa ametolewa duarani asubuhi ile, amekufa. Mzee alikuwa ameshazunguka kambi nzima. Waliokuwa na shuka walishazitoa kwa Rajabu; hapakuwa na kitu. Nikachukua sururu nikaenda kukata mwanandani. Niliporudi walikuwa bado wamekaa, na pembeni kulikuwa na gunia.

Nilifungua mzigo wangu.

"Sanda hii imetoka wapi?" Mzee Shomari aliuliza.

"Kwa mama yangu."

Aliikunjua, akauona msalaba. Mkasi ulikuwa mbele yake; angeweza kuikata ile pembe mara moja. Badala yake alichukua wembe, akaanza kufumua tundu kwa tundu, polepole, bila kuujeruhi uzi, na watu wote wakingoja. Kila alipovuta nilihisi ananifumua mimi. Hapo nilijua siwezi kusilimu. Nilijua pia kwamba nimemvua mama yangu nguo yake ya mwisho.

Akaukunja uzi kwenye kipande cha karatasi, akanipa.

"Huu mrudishie mama. Mwambie tumeshukuru."

Kisha wakambeba yule kijana, wakapanga safu, nami nikasimama kando na sururu yangu.

Nimeulizia bafta Geita, nimeulizia Katoro, nimewaagiza watu hadi Kahama. Hakuna. Mama anazidi kuzeeka, na watu wa Ushirombo wakipita wananiambia ananiulizia. Siwezi kumpelekea uzi peke yake.