Punje za Twaibah

Mtaa mzima wa Namatala unanijua: mimi ndiye Muhammed muuza sabuni, na mdomo wangu hauna breki. Basi nisikilizeni, maana hili nimelifanya mwenyewe na sina wa kumsingizia.

Mke wangu Twaibah ni mtunza stoo kwenye karakana ya taa za sola, hapa Mbale. Kazi yake ni kulinda vipuri vidogo vya umeme visishike unyevu. Kipuri kikishanyonya unyevu, ukikitia moto wa kulehemu kinapasuka kwa ndani, na taa haiwaki tena. Na Mbale hii ikinyesha, hata kuta zinatoka jasho. Dawa ya kukausha iliagizwa kutoka nje, ikachelewa, vipuri vikaharibika, lawama akabebeshwa yeye. Akaudhika. Miaka mitatu alichoma maganda ya mpunga nyuma ya nyumba, akachemsha majivu yake kwa magadi makali, akaongeza chumvi kwa kipimo chake, mpaka akapata punje nyeupe zinazonyonya unyevu kuliko zile za kununua. Nilimcheka sana. Halafu msimu mzima wa mvua ukapita bila kipuri hata kimoja kupasuka, nikaanza kutembea kifua mbele.

Mwaka juzi mama yangu alifariki kule Budondo, karibu na Jinja. Kwenye dua ya arobaini, shehe akaeleza kwamba elimu inayofaa watu ni sadaka, na thawabu zake humfuata marehemu kaburini. Wallahi nililia. Nikasimama, nikachukua daftari la Twaibah kwenye mkoba wake, nikasoma kila kipimo na kila hatua mbele ya umati, nikasema hiyo ni sadaka ya mama. Watu wakaitikia amina, wengine wakapiga picha zile kurasa. Nilimpenda mama yangu, lakini nilitaka pia wajue mke wa Muhammed ana akili. Twaibah alikuwa upande wa wanawake akigawa pilau. Alisimama tu na sahani mkononi, nami nikadhani amefurahi.

Mwezi uliopita kiwanda kimoja cha Jinja kikataka kutengeneza punje zile na kumlipa, mradi awe na hataza, yaani cheti cha serikali kwamba uvumbuzi ni wake na mwingine asiuguse bila ruhusa. Tukaenda kwa mwanasheria, dada mmoja anaitwa Racheal. Akauliza kama siri ile imewahi kutangazwa mbele ya watu.

"Hapana, madamu," nikarukia. "Hata mimi mumewe siijui."

Twaibah akanigeukia. "Baba Ashiraf, ile ulimpa mama yako. Unataka tumnyang'anye?"

Akamweleza Racheal yote, siku na mahali. Racheal akaweka kalamu chini. Akasema tungewahi labda angejaribu, lakini muda umepita mno, sasa ni mali ya kila mtu.

Nyumbani nilimwomba msamaha mbele ya watoto. Akasema amenisamehe, na naamini, kwa kuwa chai yangu naikuta mezani kila asubuhi. Siku hizi anachemsha kitu kingine nyuma ya nyumba, cha rangi ya kahawia, na daftari lake analiacha kazini. Sijui ni nini. Haniambii, nami sina uso wa kumuuliza.